Maji Yaliyookoka

"Hivi Mama Tumsifu, maji yako yanatoka wapi, na ya kwetu yanakwenda wapi?"

Swali hilo liliulizwa na jirani yake, Sikudhani, asubuhi moja ya kiangazi, akiwa ameegemea ua wa mabati na ndoo tupu ikimning'inia mkononi. Aliuliza kwa utani, kama majirani wanavyotaniana wakati hawana jingine la kugawana. Mama Tumsifu naye akajibu kwa utani kwamba yake yanatoka kwa Mungu, na hayo ya wenzake wakayaulize bombani. Wakacheka, kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake.

Ilipaswa iishie hapo. Lakini katika nchi ile, ambayo jina lake wakati huo lilikuwa limepelekwa kwenye kamati ili litafutiwe lililo bora zaidi, maswali hayakuwa mali ya watu binafsi. Swali lilikuwa kama madini: ukilikuta juu ya ardhi, unalipeleka serikalini. Na aliyelikuta hili alikuwa Bwana Fidelisi, Afisa Maji wa mtaa, aliyekuwa akipita nyuma ya ua kwenda kusikiliza bomba.

Ndiyo iliyokuwa kazi yake, kusikiliza bomba. Mabomba ya mtaa ule hayakuwa yametoa maji tangu yazinduliwe, na watoto waliozaliwa siku ya uzinduzi walikwisha kuota ndevu. Ila yalitoa upepo, na Wizara ilikwisha kueleza kwamba upepo hutangulia maji kama honi inavyotangulia gari. Kwa hiyo kila alfajiri Bwana Fidelisi aliinama, akatega sikio kwenye koki, akasimama, akatangaza kwa sauti ya kutia moyo kwamba honi ipo. Watu walishukuru. Zipo nchi ambazo hata honi hazina.

Mama Tumsifu hakuwa na ugomvi na serikali. Alikuwa mjane mwenye sala zake, amesoma mpaka darasa la saba, si msemaji sana. Macho yake ndiyo yaliyofanya kazi. Tangu amzike mumewe alikuwa amejifunza, katika umoja wa wajane wa kanisani kwao, kwamba kitu hakijawa takataka mpaka wewe mwenyewe ukubali kukiita hivyo. Chupa za plastiki alizichana mgongo akaziunganisha, zikawa mfereji chini ya paa. Mvua ikinyesha, maji yanatiririka mpaka kwenye mapipa yaliyounganishwa kwa mpira, ambayo watu kwa heshima waliyaita tangi. Dumu la mafuta ya kula alilitoboa tundu, akalining'iniza uani kwa kamba yenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama na kumwaga mkondo mwembamba wa kutosha mikono miwili na dhambi ndogondogo. Hicho ndicho kibuyu chirizi, na maji yake ya kunawia yaliangukia kwenye shina la mpapai.

Chupa nyingine, yenye maji safi na dawa kidogo ya madoa, aliichomeka kwenye tundu la bati, nusu nje, nusu ndani, na mchana chumba chake kisicho na dirisha kikang'aa kama kina taa. Halafu kulikuwa na kapu. Kapu la ukindu, limeshindiliwa vitenge vikuukuu na vipande vya godoro, katikati pana nafasi ya sufuria. Maharage yakishachemka kidogo motoni unayatumbukiza humo, unafunika kwa mto, unakwenda ibadani. Ukirudi yameiva, na mkaa umelala salama kwenye gunia lake.

Vyote hivyo vilikuwa vya siku zote, ila tangi lilikuwa na kazi maalumu. Tumsifu, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa mbali, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Kwa desturi yao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake, na mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, kitambaa kizito juu ya tumbo na kiuno, mpaka mwili ukumbuke ulikotoka. Mzazi asiyekandwa, walisema, huzeeka kabla mtoto hajaota meno, na mama yake husemwa mpaka kaburini. Kwa hiyo Mama Tumsifu alikuwa akilitazama tangi lile kama mkulima anavyotazama ghala, akalipita mara nyingi na kiu yake bila kuligusa.

*

Mwaka huohuo mtaalamu mmoja alirudi kutoka ng'ambo na neno. Wengine hurudi na gari. Yeye alirudi na neno, akapita nalo forodhani bila kusumbuliwa.

Watu wa nchi ile walikuwa wakisema wanateka maji yakitoka kisimani, wanayakinga yakitoka mbinguni, na wanayabana yakiwa machache. Mtaalamu alieleza, katika semina yenye chai na sambusa, kwamba maneno hayo yananuka umaskini. Huko alikotoka maji hayakingwi wala hayabanwi, huko yanaokolewa. Wajumbe walisimama wakapiga makofi. Kufumba na kufumbua Wizara ya Maji ikawa Wizara ya Kuokoa Maji, na mzigo mkubwa ukawashuka viongozi mabegani. Maana Wizara ya Maji huulizwa maji yako wapi, lakini Wizara ya Kuokoa Maji huulizwa tu kama huko yaliko yako salama.

Kila mtaa ukaamriwa kutoa nyumba moja iliyookoa. Bwana Fidelisi alizunguka na jua mpaka viatu vikaanza kumcheka. Alikuta ndoo zilizopasuka kwa kukauka, akakuta watu wanaoga kwa kitambaa kimoja familia nzima, lakini maji ya kuokolewa hakuyaona. Ndipo akalikumbuka swali la Sikudhani.

Alifika kwa Mama Tumsifu kofia mkononi. Akalizunguka tangi, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likamjibu kwa sauti nzito ya kitu kilichojaa, na macho yake yakalengwa na machozi. Masikio yale yalikuwa hayajasikia sauti hiyo kwa miaka mingi.

"Mama, maji haya yameokolewa?"

Mama Tumsifu akatabasamu. "Baba, kwetu sisi anayeokoa ni Mmoja. Mimi nimekinga tu."

Uso wa Bwana Fidelisi ukasinyaa. Akamweleza kwa upole kwamba neno hilo halitambuliki tena wizarani. Kwamba asipopata nyumba atahamishiwa wilaya ambayo mabomba yake hayatoi hata upepo, na mkewe ana pumu, vumbi la kule litammaliza. Na kwamba, jamani Mama, ni neno tu. Neno lilishamjaza nani kibaba? Mama Tumsifu alimtazama. Aliiona kola ya shati lake, iliyokuwa imegeuzwa ilipochakaa upande mmoja, na sasa ilikuwa imechakaa upande wa pili. Akamhurumia. Huruma katika nchi ile ndiyo mlango ambao wengi waliuingia wasiuone wa kutokea.

"Haya baba," akasema, kama anayempa mgeni kigoda. "Kama ndivyo mnavyoita, basi yameokolewa."

*

Kesho yake watu wa Wizara walikuja na lakiri.

Koki ya tangi ilizungushiwa utepe wa bluu, lakiri ikadondoshwa juu yake, na muhuri wa taifa ukagandamizwa kabla haijapoa. Mama Tumsifu aliuliza kwa adabu sasa atayachotaje. Bwana Fidelisi, ambaye tangu jana alikuwa amepata kofia mpya, alimvuta pembeni.

"Mama, wewe ni mtu wa kanisa. Mtu ameokoka, halafu Jumamosi unamkuta kilabuni na kopo mkononi. Utasemaje?"

"Amerudi nyuma."

"Basi na maji ni hivyohivyo. Yakitumika, yameokolewa wapi? Yatakuwa yamerudi nyuma, na aliyeyarudisha ni wewe."

Mama Tumsifu akafikiri kidogo. Akasema, kama ni hivyo, serikali ichukue neno lake na yeye abaki na lake la zamani. Aandikwe tu kwamba alikinga. Hapo Bwana Fidelisi alitazama kulia na kushoto, akashusha sauti. Alimwomba asilitamke tena hilo, hasa mbele za watu. Kwani mvua ikiwa bado hewani ni mali ya anga, na anga ni ya taifa. Inakuwa ya mwananchi pale tu inapogusa ardhi na kupotea. Anayeikinga kabla haijapotea ameichepusha. Maji yaliyomo ndani ya tangi na hayajaokolewa ni maji ya wizi, na maji ya wizi hubebwa pamoja na tangi lake, na mara nyingine na mwenye tangi pia, ikiwa gari lina nafasi.

Basi mlango ulikuwa na makomeo mawili, moja ndani, jingine nje. Akisema yameokolewa, haruhusiwi kuyagusa. Akisema ameyakinga, hana tangi. Alikaa kizingitini akalitazama, limefungwa utepe wake mzuri, kama zawadi ya mtu mwingine iliyosahauliwa uani kwake.

Nyumba ikapewa jina la Nyumba ya Mfano. Ikazungushiwa kamba, na kwenye kamba akasimamishwa Koplo Bakunda, kijana mpole mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, alinde maji yaliyookoka yasitoroke. Muda si mrefu ikaonekana kwamba hata Mama Tumsifu mwenyewe ni sehemu ya mfano, na mfano hauhamihami. Mtu akisafiri kutoka mbali kuja kujifunza, asikute mfano, kisa umekwenda gengeni kununua dagaa, si atarudi kwao mjinga vilevile? Kwa hiyo dagaa aliletewa. Chumvi aliletewa. Alikatazwa kitu kidogo tu, kuvuka kamba.

Jumapili ya kwanza aliisikia kengele ya kanisa, akajifunga kitenge chake cha umoja wa wajane, akasimama mbele ya Koplo. Koplo akatazama buti zake. Baadaye upepo ukawa unaleta nyimbo za wenzake vipandevipande, ubeti huu upo, ule haupo, naye akawa anajazia iliyopotea kwa sauti ndogo, amekaa kwenye kigoda chake kando ya kapu. Mchungaji alipokuja kumtembelea iliamuliwa kwamba maombi yanaweza kuvuka kamba lakini mkono hauwezi. Akabarikiwa kwa mbali, kama kuku wanavyotupiwa mtama.

Mvua za kwanza zilipoanza, japo mwaka huo hazikudumu, moyo wake ulinyanyuka. Lakini Koplo alipanda ngazi akaung'oa mfereji kutoka kwenye tangi, kwa kuwa maelekezo yalisema maji mapya, ambayo bado hayajaokoka, yasichanganywe na yale ya zamani yasije yakayaambukiza tabia. Mama Tumsifu alisimama mlangoni akiyatazama maji yakishuka kutoka kwenye bati lake mwenyewe, yakipita miguuni pake, yakienda mtaroni. Akanyoosha kikombe. Koplo akakohoa.

"Mama, usinitie matatani."

Akakirudisha kikombe ndani kikiwa kikavu.

*

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wahenga wale yaelekea waliwahi kuwa mfano. Wageni walikuja: wajumbe, wataalamu, wake za viongozi, makatibu wa makatibu. Kila mmoja alikanyaga kijiti cha kibuyu chirizi na kupigwa picha, na kila mmoja alikuja na chupa yake ya maji ya dukani, kwa sababu mazungumzo ya kuokoa maji hukausha koo sana. Walipiga mafunda mawili, wakahutubia, kisha wakaiacha chupa mezani wakisema ni malighafi ya Mama kwa ajili ya ubunifu wake.

Wao waliona chupa tupu. Mama Tumsifu aliona kilichobaki chini. Wageni wakishaondoka aliyakusanya mabaki, akayachuja kwa kitambaa, akayachemsha. Ndiyo aliyokunywa, ndiyo aliyopikia, na kila siku alijinyima funda moja akalitia kwenye dumu chini ya kitanda. Alianza kuwapenda sana wasemaji wafupi. Kulikuwa na mkurugenzi mmoja aliyezungumza mpaka akamaliza chupa yote na kuomba nyingine. Huyo Mama Tumsifu alimwombea kwa Mungu ampe haja ya moyo wake mapema.

Ndipo Tumsifu akafika, begi kichwani na tumbo mbele.

Koplo akaagiza aitwe Bwana Fidelisi. Bwana Fidelisi naye alijikuna. Taarifa iliyokwisha kusomwa hadi juu ilisema Nyumba ya Mfano ina kichwa kimoja. Kichwa cha pili kingeharibu wastani. Na bado kulikuwa na jambo la yule wa ndani, ambaye hakuna aliyejua ahesabiwe nusu au mzima. Swali hilo lilipelekwa kwenye kamati ileile ya jina la nchi, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa na viti vya kutosha. Wakati kamati ikitafakari, mjamzito angesubiri upande wa pili wa kamba.

Tumsifu alimtazama mama yake juu ya kamba ile, isiyofika hata kiunoni. Mama yake alimtazama Koplo. Koplo alitazama buti.

Sikudhani ndiye aliyetoka kwake, akampokea binti begi. "Njoo mwanangu. Kwangu hakuna mfano wala maji, lakini kitanda kipo." Kisha akageuka kwa jirani yake, sauti imempungua. "Unisamehe Mama Tumsifu. Kinywa changu hiki."

"Swali halikuwa baya, jirani. Lilipita tu njia mbaya."

Tangu hapo mama na binti waliongea kupitia tundu la msumari kwenye ua wa mabati. Kila jioni Tumsifu aliweka mdomo pale akauliza lilelile, mwanzoni kwa utani, baadaye bila utani.

"Mama, mimi nitakandwa na nini?"

"Utakandwa."

"Na maji gani?"

"Nimekwambia utakandwa. Kalale."

Kisha Mama Tumsifu aliketi chini ya chupa yake ya kwenye bati, ambayo jua likizama huzima yenyewe, akasali akiwa amegusa dumu kwa kisigino ahakikishe lipo.

*

Tangazo likatoka kwamba Mheshimiwa Waziri mwenyewe ataadhimisha Siku ya Wokovu wa Maji penye Nyumba ya Mfano. Na ili aone kwamba elimu imewafikia wananchi, siku hiyo, kuanzia jua linapochomoza, ilikuwa marufuku moshi kuonekana katika mtaa mzima. Wote wangekuwa wanapikia kwenye kapu. Kwamba kapu lilikuwa moja tu halikuonekana kuwa tatizo. Wengine wangeshinda njaa, na hilo nalo ni kuokoa.

Alfajiri ya siku hiyo, kabla ya jua, bati la ua liligongwa.

"Uchungu umeanza," alisema Sikudhani kupitia tunduni. "Na moto sina ruhusa ya kuwasha, na hata ningewasha, ningebandika nini?"

Mama Tumsifu akapiga magoti kando ya kitanda. Alilivuta dumu kutoka uvunguni. Yalikuwa pale mabaki ya wajumbe wote na wataalamu wote, hotuba kwa hotuba. Akayamimina kwenye sufuria kubwa, akawasha mkaa haraka, akapuliza mpaka macho yakawasha. Yalipochemka na kuruka, na anga ikianza kuwa nyeupe, aliiingiza sufuria ndani ya kapu, mahali pa maharage, akalishindilia vitenge pembeni, akafunika kwa mto. Akazima jiko. Kapu likanyamaza juu ya joto lake kama mtu anayejua siri. Hakuweza kulipitisha juu ya ua, maana Koplo alikuwa amesimama pale na kapu lilikuwa limepangiwa meza yake ya maonyesho. Ila maji yangebaki ya moto mpaka mchana, hilo alikuwa na hakika nalo. Lililobaki lilikuwa la Mungu.

Kabla ya msafara likaja boza, gari kubwa la maji, likamwagilia barabara yote ili vumbi lisimguse Mheshimiwa. Wanawake walikimbia na mabeseni, wakafukuzwa kwa sababu walikuwa wanalichelewesha. Sikudhani alilitazama kutoka mlangoni kwake likipita na kumwaga. Hatimaye lile swali lake alikuwa amejibiwa, tena na mamlaka husika.

Waziri alishuka. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na hotuba yake iliwatoa wengi machozi, hasa waliokuwa hawajanywa chai. "Ndugu wananchi, maji ni uhai. Na kitu chenye thamani kama uhai, ni nani mwenye akili atakitumia ovyo, kila siku, mpaka kiishe?" Hakuna aliyejitokeza. Akaenda kwenye kibuyu chirizi, akakanyaga kijiti. Dumu likainama, halikutoa kitu, kwa kuwa lilikuwa halijatiwa maji tangu lakiri. Waziri akakanyaga tena, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Hakipotezi hata tone," akasema, na makofi yakapigwa.

Ndani aliiona chupa iliyochomekwa kwenye bati, akauliza inazimwaje mchana. Wakatazamana, wakakubaliana kwamba hiyo ni changamoto. Kisha akafika kwenye kapu. Akaweka kiganja juu ya mto, uso ukachanua.

"Lina joto. Ndani mna nini?"

"Maharage, Mheshimiwa," akasema Bwana Fidelisi.

"Niyaonje."

Mama Tumsifu, aliyesimama hatua moja nyuma, alilisogelea kapu. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Alikuwa anamwomba Mungu jambo dogo tu, asiulizwe yeye. Lakini Bwana Fidelisi alikuwa ameanza kutokwa jasho kwa sababu nyingine kabisa. Mwongozo wa Kitaifa wa Kapu, aliousaini Waziri huyuhuyu, ulisema waziwazi kwamba kapu halifunuliwi, na anayelifunua, cheo chochote alicho nacho, amepoteza nishati ya taifa. Akamnong'oneza. Waziri alitafakari, akaona kwamba amejizuia vizuri sana. Badala ya kufunua akainama, akatega sikio.

"Nasikia yakiiva," akatangaza.

Wasaidizi wake nao wakatega sikio mmojammoja kwa kufuata vyeo, na hakuna ambaye hakusikia.

Kikabaki kipengele cha mwisho. Mama wa Mfano alitakiwa atoe ushuhuda. Kipaza sauti kikawekwa mkononi mwake, na Bwana Fidelisi akamkumbusha kwa mnong'ono wa kubembeleza: "Sema tu, 'Mimi nimeokoa.' Maneno mawili, Mama, umemaliza. Tangi linabaki lako, na mimi nabaki hapa."

Mama Tumsifu alikishika kile chuma. Aliwaona watu wa mtaa wamebanana nyuma ya kamba, midomo mikavu. Aliliona tangi na utepe wake. Maneno kama hayo alikwisha kuyasema mara moja kwa huruma, na tangu siku ile hajaonja hata tone lake.

Hapo, ng'ambo ya ua wa mabati, mtoto akalia.

Alilia kwa sauti ya mtu aliyefika kutoka safari ndefu akakuta hakuna kilichotayarishwa. Shughuli ikasimama, wapiga picha wakageuza shingo.

"Ni nini hicho?" akauliza Waziri.

"Ni bomba, Mheshimiwa," akasema Bwana Fidelisi. "Honi."

Waziri akafurahi sana, akaagiza iingizwe kwenye taarifa ya mafanikio. Na wakati bado wanaitafutia aya, Mama Tumsifu akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Mheshimiwa, maji yangu sikuyaokoa. Niliyakinga. Niliyakinga ya kumkandia mwanangu."

Bwana Fidelisi akafumba macho. Makofi yaliyokuwa yameanza upande wa nyuma, kwa mazoea, yalififia mkono mmojammoja. Waziri alimgeukia mtaalamu aliyerudi na neno, akamuuliza kukinga maana yake nini. Mtaalamu akasema ni neno la zamani, aliwahi kulijua. Lakini vijana wa Wizara waliokuja na msafara, wenye miwani myeusi, hawakuhitaji kamusi. Walikwisha kulizunguka tangi, mmoja ameshika mpira, mwingine anapima kwa macho kama litaingia nyuma ya gari, na wa tatu anamtazama Mama Tumsifu mwenyewe, akimpima pia.

Naye aliwaona. Hakukuwa na kitu mtaani pale ambacho macho yake hayakukiona. Akaweka kipaza sauti mezani taratibu, kisipige kelele. Akavua kitenge cha umoja wa wajane alichojitanda, akakizungusha kikawa ngata, akakiweka kichwani. Akainama, akalikumbatia kapu pale mezani, akajitwika. Joto lilipita kwenye vitenge vikuukuu likamshukia utosini kama mkono.

Koplo Bakunda alimwona akija. Kwa desturi yake alitazama buti zake, na safari hii akakaa nazo kitambo. Mwongozo ulisema kapu halifunuliwi. Hapakuwa na mahali uliposema kapu halitoki. Akanyanyua buti moja, akaikanyaga kamba mpaka ikalala chini.

"Sasa," ilisikika sauti ya Mheshimiwa nyuma, laini na yenye kuumia, "anakwenda wapi na maharage yangu?"

Mama Tumsifu alivuka kamba, shingo wima, kapu halitikisiki, watu wakimpisha huku na huku. Akatoka hivyo, akaelekea mlangoni kwa Sikudhani, wala hakusema neno jingine.